Kiasi cha fedha kivuke kama maandishi

Nimelijua hili wiki hii hapa Shela, Lamu, nikimtengenezea binamu yangu pochi ndogo ya simu, yaani programu ya kutunzia sarafu za kidijitali. Ukiandika ganda jepesi (msimbo mdogo wa kuunganisha) juu ya maktaba ya Ethereum, yaani msimbo uliokwisha andikwa wa kushughulikia mtandao wa sarafu ya etha, kila kiasi cha fedha kinachovuka kati ya lugha za programu, JavaScript na Kotlin, kivushe kama maandishi, si kama namba. Etha 1 ni wei (kipande chake kidogo kabisa) 1,000,000,000,000,000,000. Namba kamili ya biti 64 yenye alama hufurika ukipita etha 9 na ushei, na JavaScript huanza kukosea tarakimu baada ya 9,007,199,254,740,991, kimyakimya, bila hata onyo (ndiyo inayoudhi). Maandishi hayapotezi hata sifuri moja. Ukifika upande wa Kotlin yageuze kuwa BigInteger (aina ya namba kamili isiyofurika) ndipo upige hesabu. Inapokwama: ukilinganisha salio kabla ya kugeuza, maana kimaandishi “9” ni kubwa kuliko “10”. Vilevile mtumiaji akiandika “1.5” au “1,500”, safisha palepale kwenye skrini, usiiachie maktaba. Kwa Bitcoin usijisumbue sana, satoshi (vipande vyake vidogo kabisa) zote zitakazowahi kuwepo zinaenea kwenye biti 64.