Kituo cha ufundi mtaani: tangulia na kazi ya mteja

Nimekuwa fundi cherehani kwa miaka 19, na kwa miaka 8 ya karibuni nasimamia karakana ya mtaa: chumba kimoja cha kushonea, banda la maseremala, na meza mbili za mafundi simu. Wanaokuja kuniuliza namna ya kuanzisha kituo kama hiki, kwenye mtaa ambao ajira zimekauka, karibu wote huanza na jengo. Walipate wapi, nani atawafadhili. Nawaomba waliweke kando kwanza. Jambo la kutafuta mapema kuliko yote ni mteja, yaani mtu ambaye tayari ana kazi na yuko tayari kuilipia.

Kwa hiyo anza kwa kutembea. Tafuta mwenzako mmoja anayefahamika mtaani, mshike daftari, mpite nyumba kwa nyumba na duka kwa duka kwa wiki mbili. Msiulize vijana wanataka kujifunza nini. Mtaambiwa kompyuta, kwa sababu watu wanadhani ndilo jibu mnalolitaka. Ulizeni hivi: mwezi uliopita, ni kitu gani ulikipeleka kushonwa, kutengenezwa au kuchomelewa nje ya mtaa huu? Andikeni kitu chenyewe, kinatokea mara ngapi, na kwa nini mwenyewe alikipeleka kwingine. Safu hiyo ya tatu isomeni kwa makini. Sisi tulidhani watu wanashonea nje kwa kufuata mitindo. Kumbe wengi walichoshwa na mafundi wa "njoo kesho". Ndiyo maana somo letu la kwanza kabisa, kabla mwanafunzi hajakanyaga cherehani, ni kukadiria kazi na kumtajia mteja siku ambayo kweli itakuwa tayari.

Katika mzunguko huo huo, kaeni na mafundi waliopo. Hapa vituo vingi vinakosea. Kituo kina chumba cha bure, kina wanafunzi wasiodai mshahara, kinashusha bei, na baada ya muda mfupi yule fundi aliyekuwa akilisha familia yake kwa cherehani moja barazani hana mteja. Mmeondoa riziki moja mkadai mnaleta riziki. Sheria yetu ni kwamba kituo hakitozi chini ya bei ya fundi wa mtaa, na mafundi hao ndio walimu wetu wa kwanza, kwa zamu na kwa malipo. Oda ikizidi uwezo wetu, inakwenda kwao. Msipokubaliana nao mapema mtakuwa na maadui ambao mmewatengeneza wenyewe.

Kuna mfano ninaoupenda kuwaeleza wanaonisikiliza. Mwaka 1941 padri kijana, José María Arizmendiarrieta, alipangiwa kazi Mondragón, mji wa Wabasque kule Hispania uliokuwa umechakaa kwa vita. Mwaka 1943 alifungua shule ndogo ya ufundi. Kiwanda cha kwanza cha ushirika, Ulgor, kilianzishwa na vijana watano waliopitia mikononi mwake, lakini hiyo ilikuwa 1956. Baadaye ukakua mtandao mkubwa wa vyama vya ushirika. Mimi hutazama ile miaka 13 ya katikati. Vijana wale hawakupewa cheti na kuambiwa wakajiajiri wiki iliyofuata. Walisoma, wakafanya kazi viwandani, wakajua kazi inavyoendeshwa na inavyokosewa, ndipo wakaanza. Basi mfadhili akikuambia anataka biashara 50 mpya ndani ya miezi sita, mwambie ukweli mapema.

Sasa chumba. Kinatosha kimoja chenye mwanga wa dirishani, umeme wa kuaminika, choo na kufuli imara. Tenga na kona ya watoto. Hull House, nyumba ya huduma ambayo Jane Addams na Ellen Gates Starr waliifungua mwaka 1889 kwenye mtaa wa wahamiaji Chicago, ilikuwa na shule ya chekechea na mahali pa kuwaacha watoto wa akina mama waliokwenda kazini. Kwetu tulichelewa mwaka mzima kuliona hilo. Tulikuwa tukiandika "mtoro" mbele ya majina ya akina mama ambao tatizo lao lilikuwa hawana wa kumwachia mtoto. Tulipoweka mkeka, wigo mdogo wa mbao na mama mmoja wa zamu, utoro ule ukaisha.

Kuhusu vifaa nitasema kifupi. Tuliwahi kuletewa cherehani kumi za kiwandani, nzito, nzuri sana kwa macho. Umeme wa chumba chetu haukuzimudu na sindano zake hazikupatikana popote karibu nasi. Zilikaa chini ya turubai miaka miwili huku wanafunzi wakipangiana zamu kwenye cherehani tatu za miguu. Siku hizi kabla ya kupokea mashine tunauliza: fundi wake yuko wapi, na vipuri vyake vinapatikana wapi? Yakikosekana majibu, tunashukuru na kukataa.

Kwenye kufundisha, nakusihi usimwache mwanafunzi ashone vitambaa chakavu kwa miezi mitatu. Kitambaa chakavu hakimtii mtu hofu. Wiki ya tatu mpe kazi ya mteja, lakini sehemu isiyoonekana: pindo la ndani, mfuko wa suruali. Baadaye zipu. Namkumbuka binti mmoja aliyeweka zipu kwenye gauni la mteja akaifumua mara tatu. Mara ya kwanza alivuta kitambaa, zipu ikajaa mawimbi. Mara ya pili pande mbili za kiuno hazikulingana. Mara ya tatu alishona vizuri, akagundua mwenyewe kwamba amebana na bitana. Kila mara alikaa dirishani na wembe, akikata uzi mmoja mmoja asitoboe kitambaa, na mimi nilikaa pembeni yake bila kumpokonya. Mara ya nne alitia alama ya chaki pande zote mbili, akapiga bandi kwa mkono kwanza, halafu ndipo akashona. Mteja alipoijaribu, akaipandisha na kuishusha, kisha akalipa. Binti aliangalia ile fedha ikihesabiwa kwa namna ambayo hakuwahi kuangalia ubao wangu. Muda wa kufumua ujumlishe kwenye ahadi ya siku, na mwalimu awe tayari kumalizia mwenyewe usiku ikibidi. Mteja asibebe gharama ya somo.

Asiyejua kusoma usimrudishe nyumbani. Barefoot College, iliyoanzishwa mwaka 1972 kijijini Tilonia, Rajasthan, India, imewafundisha wanawake ambao wengi wao hawakwenda shule, wakiwemo bibi wenye wajukuu, kuunda na kukarabati mitambo ya umeme wa jua kwa muda wa miezi sita hivi, kwa kutumia rangi, ishara na kurudia kwa mikono. Sisi tuliiga. Visahani vya skrubu za simu tumevipaka rangi kwa mpangilio wa kufungua: nyekundu kwanza, njano, kisha kijani. Unafunga kwa kurudi nyuma. Hata wanaosoma vizuri makosa yao hupungua wakifuata rangi.

Fedha ndiyo inayovunja vituo, kwa hiyo uwe mkali hapa. Hesabu za mafunzo zisichanganywe na hesabu za oda hata siku moja. Daftari mbili, visanduku viwili. Mgawanyo wa kila oda ubandikwe ukutani: malighafi, mwanafunzi aliyefanya, mwalimu, kituo. Mwanafunzi alipwe tangu ile kazi ya kwanza, hata kama ni kidogo. Chukua nusu ya malipo kabla ya kugusa kitambaa, na usikopeshe. Wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka la ushirika mwaka 1844, waliuza kwa fedha taslimu tu, nao walikuwa wakiwauzia majirani zao wenyewe waliokuwa na dhiki. Kumkatalia jirani ni kugumu, najua. Tuliwahi kukopesha kwa huruma, na kilichotokea ni kwamba aliyekuwa akidaiwa alianza kupita njia nyingine. Tulipoteza fedha na mteja.

Akiba ya wanafunzi iwe yao. Njia ya vikundi vya kuweka na kukopa iliyoanzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE inafaa sana: watu wanaofahamiana wananunua hisa kila kikao, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wa mwaka hivi wanagawana. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu tofauti, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Msimamizi wa kituo asiwe na ufunguo hata mmoja. Nilikuwa nao mwanzoni, nikauacha.

Mwanafunzi akishaiva, mpe meza ndani ya kituo kwa miezi sita. Analeta wateja wake mwenyewe, analipia umeme anaotumia, anaandika daftari lake, nawe unalipitia kila Ijumaa. Ukiona amekosa mteja wiki mbili mfululizo, kaeni naye mtafute sababu. Mara nyingi ni ile ahadi ya siku. Wapo wasiotaka biashara yao, wanataka kuajiriwa, na hao wasaidie kwa moyo ule ule. Miezi sita ikitimia, meza iachwe kwa mwingine hata kama anayeondoka ni hodari kuliko wote. Tunamkopesha cherehani ya kuondoka nayo, anailipa kidogo kidogo kutokana na kazi zake, na akimaliza deni lake tunanunua nyingine kwa ajili ya anayefuata. Jina la anayefuata liwe tayari limeandikwa ukutani.