Kabla mbwa wako hajaanza nyama mbichi: maandalizi kwa mkazi wa Tanga

Mbwa wengi wa Tanga wamekulia ugali wa dona na dagaa, na yule anayepata dagaa wenyewe badala ya maji yao hana haja ya kuonewa huruma. Anayetaka kumhamishia kwenye nyama mbichi ajue kwamba kazi haianzii buchani. Inaanza na watu wa nyumbani, kisha friza, kisha daktari wa mifugo.

Watu wa nyumbani kwanza, maana hao ndio husahaulika. Mbwa anayekula nyama mbichi anaweza kutoa bakteria wa salmonela kwenye kinyesi kwa siku nyingi bila yeye kuugua hata kidogo. Nyumba yenye mtoto mdogo, mjamzito, mzee dhaifu au mtu ambaye kinga yake imeshuka ibaki na chakula cha kupika. Hapo hatubembelezi. Chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kilitoa msimamo wa kutoshauri lishe hii mwaka 2012, na hofu yake kubwa ni vimelea hivyohivyo. Halafu kuna vyombo. Katika nyumba nyingi hapa, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo bakuli, kisu na kibao viwe vya mbwa peke yake na viwekwe alama, na dada anayepika aelezwe mapema, asije akavifumania kwenye karai la vyombo vya futari.

Friza ndiyo inayoamua kama mpango wenyewe unawezekana. Mbwa mzima hula kwa siku asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake. Wa kilo 20, kwa asilimia 2.5, ni gramu 500 kwa siku, yaani kilo 15 kwa mwezi. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ndogo mara nyingi hakifiki digrii 18 chini ya sifuri, na nyama humo hukaa nusu imeganda. Nunua kipimajoto cha friza uhakikishe. Fungasha posho ya siku moja kwenye kila mfuko, ukiubana uwe bapa ili ugande na kuyeyuka upesi, kisha uuyeyushe usiku ndani ya friji, kwenye bakuli, rafu ya chini kabisa. Ukiuacha juu ya sinki kwa joto letu, nje unaanza kuoza wakati ndani bado barafu. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friza iliyojaa huhimili kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Nyama ambayo bado ina chembe za barafu inaweza kugandishwa tena. Iliyolainika na kupata joto, itupwe.

Kwa daktari, mbwa apimwe uzito (nyumbani unaweza kupanda mizani ukiwa umembeba, kisha ukatoa uzito wako), achunguzwe meno na apimwe kinyesi. Mwenye ugonjwa wa figo au aliyewahi kuugua kongosho asianzishwe. Mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa, kama German Shepherd au Boerboel, naye asubiri hadi akomae, isipokuwa daktari amwandikie vipimo kamili. Kosa dogo la kalsiamu kwake huonekana miguuni.

Sasa jambo zito kuliko yote, na halimo kwenye steki bali kwenye mapafu na maini. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hubeba vifuko vya maji vya tegu mdogo aitwaye Echinococcus granulosus. Mbwa akila kifuko kibichi, tegu hao wenye urefu wa milimita chache hukua utumboni mwake kwa mamia na hata maelfu, naye anaendelea kucheza kama kawaida. Baada ya wiki sita hivi huanza kutoa mayai. Binadamu akimeza yai, liwe limetoka kwenye manyoya, mchanga wa uani au mchicha usiooshwa vizuri, vifuko huota kwenye ini au mapafu yake na huweza kugundulika miaka mingi baadaye. Ndiyo maana mkaguzi wa nyama huyatupa maini yenye vifuko, na ndiyo maana yale mafungu ya "vya mbwa" yanayouzwa kwa bei ya chee pembeni ya machinjio ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Ushauri wetu basi: steki iwe mbichi ukipenda, ila maini, figo, bandama na mapafu yakatwe vipande vidogo na kuchemshwa dakika 40. Anayeng'ang'ania ubichi ayagandishe angalau siku 10 kwenye friza inayofika kweli digrii 18 chini ya sifuri. Pamoja na hayo, dawa ya prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito (mbwa wa kilo 20 apate miligramu 100), kila wiki sita, kabla tegu hawajaanza kutaga. Ivermektini na levamisoli hazimgusi tegu, hata kama muuzaji atakuambia ni dawa ya minyoo yote. Na kibudu, hata cha mbuzi wa jirani aliyekufa usiku wa jana, kisiingie kwenye bakuli. Kimeta hakibishi hodi.

Buchani, nenda asubuhi Ngamiani au popote unapoamini, nyama yenye mhuri wa ukaguzi ikiwa bado mbichi. Kanuni inayotumiwa na wengi ni asilimia 80 nyama, 10 mfupa, 5 maini, 5 kiungo kingine kama figo au bandama. Moyo na firigisi vihesabu kama nyama. Kwa zile gramu 500: mabawa ya kuku wa kisasa gramu 110 (karibu nusu yake ni mfupa), steki, moyo au firigisi gramu 340, maini 25, figo 25, vyote vikipimwa vikiwa vibichi. Maini yasizidi hapo, kwani vitamini A hujilimbikiza mwilini. Na steki tupu si lishe: ina fosforasi nyingi na kalsiamu haba, hivyo mwili huanza kuchota kalsiamu kwenye mifupa yake wenyewe. Siku isiyo na mfupa, weka nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini, kwa kila nusu kilo ya nyama.

Mfupa uliopikwa usitolewe kamwe, hupasuka vipande vyenye ncha. Mifupa ya supu ya ng'ombe, hata mibichi, huvunja magego.

Samaki wa soko la Deep Sea ni neema, lakini dagaa wengine wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, nacho hakifi kwa kugandishwa. Wachemshe, mara mbili kwa wiki inatosha. Usichukue masalia ya nyavu bila kuyachambua: akiwemo bunju, sumu yake haitoki hata kwa moto.

Ukianza, tumia kuku peke yake, bila ngozi. Siku tatu robo ya bakuli iwe kuku na iliyobaki chakula chake cha zamani, siku tatu nusu, siku tatu robo tatu, kisha bakuli zima. Viungo vya ndani visubiri wiki ya tatu. Mpe dakika 20, kisha ondoa kilichobaki. Bakuli lioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo klorini ifuate, kwa sababu damu huidhoofisha. Kinyesi cheupe kinachovunjika kama chokaa maana yake mfupa umezidi. Cheusi na laini, punguza maini. Akijikamua bila kutoa kitu, akitapika tena na tena, au kinyesi kikiwa na damu, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Mpime uzito kila wiki mbili: mbavu zipapasike bila kuonekana, na posho iongezwe au ipunguzwe gramu 50 kwa mara moja.