Kuruka na wingsuti: anza na parachuti, mabawa yatafuata

Wengi wanaoulizia wingsuti, yaani ile suti yenye mabawa ya kitambaa, wameona zile video za mtu anapita sentimita chache kutoka kwenye mwamba alafu wanataka kujua suti inauzwa wapi. Sasa ndugu yangu, zile za milimani ni mchezo mwingine kabisa, kule mtu anabeba parachuti moja tu na hana muda wa kusahihisha kitu. Hapa naongelea wingsuti ya kuruka kutoka kwenye ndege, uko juu kama futi 13,000, yaani karibu mita 4,000, una parachuti mbili mgongoni na una nafasi kubwa chini yako. Hata aliyefika kwenye zile za milimani, akitaka kuwa hai, alipita hapa kwanza na alipita muda mrefu.

Na kitu cha kwanza uelewe, kupaa kwenyewe sio pagumu. Pagumu ni kutoka mlangoni na kufungua parachuti. Angalia waliotutangulia. Clem Sohn, Mmarekani, alikuwa na mabawa ya kitambaa miaka ya 1930 na yalikuwa yanafanya kazi, akafa 1937 Ufaransa kwa sababu parachuti zilimkataa. Léo Valentin, Mfaransa, 1956 kule Liverpool bawa lake la mbao liligonga ndege wakati anatoka, baada ya hapo hata parachuti haikumsaidia. Patrick de Gayardon ndo aliyetengeneza suti ya kisasa tunayoijua leo, akafa Hawaii 1998 baada ya kubadilisha mwenyewe mfumo wa parachuti yake. Watatu wote walikuwa wanajua kupaa. Mwaka uliofuata, 1999, Jari Kuosma na Robert Pečnik wakaanzisha kampuni ya BirdMan, wakaanza kuuza suti kwa watu wa kawaida pamoja na utaratibu wa kuwafundisha, na huo utaratibu wa mafunzo kwangu mimi ni mchango mkubwa kuliko hata suti yenyewe.

Kwa hiyo unaanza wapi? Unaanza na skaidaivingi ya kawaida, yaani kuruka kutoka kwenye ndege na parachuti bila mabawa. Kuna tandemu, unafungwa kifuani kwa mwalimu na yeye ndo anafanya kila kitu, ni nzuri kwa kuonja tu. Ukitaka kujifunza kweli unaingia kozi, na inayotumika sana siku hizi ni ile ya kuruka na walimu wawili wamekushika huku na huku, unavuta mwenyewe, alafu kadri unavyofaulu hatua wanapungua mpaka unabaki peke yako. Ukianguka kwa tumbo unashuka kama kilomita 190 kwa saa, na kutoka futi 13,000 una kama dakika moja tu ya hewani kabla ya kufungua. Kwa kanuni za USPA, chama cha skaidaivingi cha Marekani, leseni ya kwanza ni miruko 25, na wingsuti hugusi mpaka ufikishe miruko 200. Watu wanalalamika sana kuhusu hiyo 200. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote na nikiweza ningemwambia mtu asikimbilie hata akishaifikisha, kwa sababu hiyo miruko ndo inafanya mkono wako ujue hendeli, yaani mshikio wa kuvuta parachuti, iko wapi bila kufikiria, na siku kamba zimejisokota uko na suti imekubana mikono hutakuwa na muda wa kufikiria.

Itumie vizuri hiyo miruko. Usiruke 200 za aina moja ukidhani namba ndo kitu. Jifunze kuelekea mahali ukiwa unaanguka, yaani kusogea mbele mwili umenyooka na mikono nyuma, maana mkao huo uko karibu kabisa na mkao wa wingsuti. Jifunze kuendesha kanopi, yaani parachuti ikishafunguka, tena hapa nitasisitiza, watu wengi wanaumia na kufa chini ya parachuti iliyofunguka vizuri kabisa, wanakata kona kali karibu na ardhi au wamechukua kanopi ndogo mapema ili waonekane wakali. Kanopi kubwa inayotulia sio aibu. Na jifunze kuanguka chini, miguu pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, unabingirika.

Vifaa. Begi la mgongoni lina parachuti kuu na ya akiba. Kuu unakunja mwenyewe ukishafundishwa, ya akiba inakunjwa na fundi mwenye cheti na Marekani lazima ifunguliwe ikunjwe upya kila siku 180 hata kama hujaitumia. Upande wa kulia kuna hendeli ya kuachia parachuti kuu, kushoto kuna ya kufungua akiba. Mabegani kuna zile pete tatu zinazobanana, ubunifu wa Bill Booth, ndo zinafanya parachuti yote inayokuvuta iachie kwa mvuto mdogo wa mkono mmoja. Kila nikiziangalia naona ni moja ya vitu vyenye akili sana binadamu ametengeneza, na kila mtu anayeruka aelewe zinavyofanya kazi na azikague mwenyewe sio aambiwe tu ziko sawa. Alafu una altimita, yaani kipimo cha kimo, ya mkononi, nyingine ya kupiga kelele sikioni, helmeti ngumu na kisu kidogo cha kukatia kamba.

Kuna kifaa kingine nataka nikae nacho kidogo kwa sababu watu wa wingsuti wanakitegemea vibaya. Ni kile kikompyuta kinachofungua akiba chenyewe ukipoteza fahamu, kinachojulikana sana ni CYPRES, kilitoka 1991. Kile cha kawaida kwa watu wenye uzoefu kinafyatua kikikuta uko kama mita 225 juu ya ardhi na bado unashuka kwa mita 35 kwa sekunde au zaidi, hiyo ni kama kilomita 126 kwa saa. Sasa fikiria, mtu anayepaa vizuri na wingsuti anashuka kilomita 60 mpaka 80 kwa saa. Umeona tatizo? Kifaa kitamuona kama mtu ambaye hana shida yoyote na kitakaa kimya mpaka chini kabisa. Kivae, mimi siruki na mtu asiyekivaa, ila ndani ya wingsuti anayefungua parachuti ni wewe, chukulia hamna msaidizi mwingine.

Suti yenyewe kwa kuanzia chukua ndogo, ile ya wanaojifunza, kitambaa kidogo kati ya mikono na kiwiliwili na kati ya miguu. Usinunue ile kubwa ya bingwa ukidhani utakuja kuizoea, suti kubwa ina nguvu na ikikuzidi inakuzungusha kama pia. Kanopi yako iwe ya kufunguka kwa utulivu, na utepe unaounganisha kiparachuti cha kuvutia, kile kidogo kinachoitoa kanopi kwenye begi, uwe mrefu kidogo kuliko wa kawaida, kwa sababu mwili wenye mabawa unaacha nyuma yake eneo kubwa la hewa isiyo na nguvu, kiparachuti kikibaki humo kinaelea tu mgongoni na hakivuti kitu. Na usishone wala kubadilisha chochote bila fundi, kumbuka de Gayardon.

Siku ya kwanza ya wingsuti muda mwingi utakuwa chini. Kocha atakuvalisha, atakulaza kifudifudi, utarudia kuvuta mpaka uchoke. Hapa sikiliza sana: funga mikanda ya miguu KABLA ya kufunga zipu za suti, alafu mwambie mtu akushike aihakikishe kwa mkono, kwa sababu suti inaifunika, ukishavaa huioni, na suti inavyokubana unahisi kama umefungwa kumbe hujafungwa. Kuna watu wamekufa kwa hilo peke yake. Alafu hakikisha hendeli zote mbili ziko nje ya kitambaa na unazifikia. Mara moja ukishavaa, mara nyingine kabla ya kupanda ndege, na tena kabla ya mlango.

Wa wingsuti kwa kawaida wanatoka mwisho au karibu na mwisho. Ukitoka, mabawa yafunge, mikono mwilini na miguu pamoja, mpaka mkia wa ndege umekupita juu. Sekunde mbili hivi, na zitaonekana ndefu. Ukifungua mapema upepo unakuinua moja kwa moja kwenye mkia, unajiua wewe na unaweza ukaangusha ndege nzima na rubani wake. Ukishapita, fungua taratibu, miguu na mikono kwa pamoja, kidevu chini kidogo, tulia. Usipigane nayo. Kona unaigeuza kwa bega na kiuno kidogo tu. Kwa kawaida mpango ni kwenda pembeni kabisa ya njia ya ndege kwanza, alafu kurudi sambamba nayo ukiwa mbali, kwa sababu walioruka kabla yako wanafungua parachuti zao kwenye ule mstari na hawatarajii mtu anayekuja kwa ubavu. Mawingu usiingie. Ukianza kuzunguka bila mpangilio, kunja mabawa yote, jikunje, subiri utulie, na kama kile kimo mlichokubaliana na kocha kimefika bado unazunguka basi vuta, usijaribu tena.

Kufungua fanya juu, kwenye futi 5,000 hivi, sio kule chini ulikozoea. Mwili unyooke, mikono yote miwili irudi nyuma kwa wakati mmoja hata kama anayevuta ni mmoja, rusha kiparachuti kwa nguvu pembeni, rudisha mikono sawasawa, punguza bawa la miguu. Ukivuta umeinamisha bega moja kamba zinajisokota, na kwenye wingsuti ni jambo la kawaida hivyo ujue kuzisokotoa kwa utulivu huku unaangalia altimita. Parachuti ikiwa nzuri angalia kwanza watu wengine, fungua zipu za mikono ili ufikie mipini ya kuongozea, alafu ya miguu ili uweze kukimbia ukitua. Kamera acha chini mpaka kocha aseme sawa, mwache yeye arekodi.

Sasa kuhusu watu, maana hakuna anayejifunza hii kitu peke yake na mimi naipenda dropuzoni, yaani uwanja wa kurukia, kwa sababu ya watu kuliko hata anga. Ukifika mgeni, jiandikishe pale manifesti, dawati la kuwapanga wanaoruka, sema wazi una miruko mingapi, usiongeze hata mmoja, kwa sababu ndo wanayotumia kukupanga lodi, yaani ndege moja ya warukaji, na nani. Vifaa vya mtu huvigusi bila kumuomba, ila ukiona kitu hakijakaa sawa unamwambia hapohapo hata kama yeye ana miruko elfu tano na wewe huna thelathini, na mkongwe wa kweli atakushukuru. Siku za upepo mkali mnakaa kwenye mikeka ya kukunjia mnangoja, na hapo ndo elimu inapatikana: mtu anakusimulia jinsi akiba ilivyomfungukia, mwingine anakufundisha kukunja kanopi mpya inayoteleza. Ndani ya ndege mnagongana ngumi na viganja kabla ya mlango kufunguliwa. Ukifanya kitu kwa mara ya kwanza, iwe wingsuti yako ya kwanza au akiba yako ya kwanza, wenzako wanadai kreti ya bia jioni lodi ya mwisho ikishatua, ni desturi ya zamani, ilipe kwa furaha.

Na kuna heshima moja naitaka kila mgeni aijue mapema. Mtu akisema leo siruki, au akashuka na ndege kwa sababu moyo wake umekataa akiwa juu mlangoni, haulizwi sana wala hachekwi. Anapewa nafasi kwenye mkeka na maisha yanaendelea. Dropuzoni ambayo inamcheka mtu wa namna hiyo, hama.

Ukitua, kusanya kanopi, nenda manifesti waambie umefika, haswa kama umetua mbali, wasije wakatuma watu kukutafuta. Angalia video na kocha kabla hujakunja, uliza mkono wa kushoto ulikuwa wapi wakati unavuta, alafu andika kwenye daftari lako la miruko kimo ulichofungua, kamba zilijisokota au la, na kitu kimoja cha kurekebisha kwenye mruko unaofuata.