Kurudisha karavani kinyumenyume kwenye kiwanja cha kambi: jinsi mimi na Baba Neema tunavyosaidiana

Ijumaa jioni za kiangazi, kwenye kambi za huku Minnesota, utaliona jambo hilohilo kila wiki. Pikapu inaingia ikivuta karavani, yaani nyumba ya kulala yenye magurudumu, mume yuko kwenye usukani, mke yuko nyuma anapunga mikono, na dakika tano hazijapita wote wawili wanafokeana mbele ya majirani. Sisi pia tulipitia huko. Msimu wetu wa kwanza kona ya nyuma ya karavani iligonga kisiki ambacho nilikuwa nakiona kabisa. Nilikuwa nasema "kushoto, kushoto!" na Baba Neema alikata kushoto kweli. Usukani ukaenda kushoto, mkia wa karavani ukaenda kulia, moja kwa moja kwenye kisiki. Yeye alitii, mimi niliona, na bado tuligonga, kwa sababu neno moja tulilitumia kwa vitu viwili.

Karavani yetu ina futi 24, kama mita 7 hivi, na ina ekseli mbili. Maelezo haya yote ni ya gari lenye usukani kushoto. Ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda, geuza pande, isipokuwa kanuni ya kushika usukani kwa chini iliyo Hatua ya 1, ambayo haibadiliki.

Hatua ya 1: Fanyeni mazoezi mahali patupu

Tafuteni eneo la maegesho lisilo na magari, Jumapili asubuhi na mapema. Pangeni ndoo nne ziwe pembe za kiwanja chenu. Dereva ashike usukani kwa chini kabisa, pale ambapo saa ya ukutani ina 6. Mkono ukienda kushoto, mkia wa karavani utaenda kushoto. Mkono ukienda kulia, mkia utaenda kulia. Hilo tu limemwondolea Baba Neema nusu ya mahangaiko.

Sababu yake ni rahisi. Pikapu inaporudi nyuma inaisukuma karavani kwa mbele, pale ilipoungwa. Ukiisukuma mbele yake kwenda kulia, inazunguka juu ya matairi yake na mkia unakwenda kushoto, kama mkokoteni unaosukumwa. Tela fupi linajikunja upesi kuliko refu, kwa hiyo aliyezoea kontena la futi 40 asidhani tela dogo la boti litamtii kirahisi.

Badilishaneni. Dereva ashuke aelekeze, mwelekezaji ashike usukani. Mimi sikujua jinsi dereva anavyoona kidogo mpaka nilipokaa kwenye kiti chake.

Hatua ya 2: Shukeni wote wawili

Mkifika, simamisheni gari barabarani kabla ya kiwanja, washeni hazadi, mshuke. Wote. Madereva wa malori wa huku hufundishwa hivyo tangu siku ya kwanza: shuka utazame. Anayesubiri nyuma yenu atasubiri dakika tatu. Mtu akikaribia, mimi humwendea nikamwambia tunaingia hapa, na mara nyingi hukubali vizuri.

Tazameni juu kwanza, maana ndiko watu wanakosahau. Karavani yenye kiyoyozi juu ya paa hufika futi 11 au zaidi, na tawi moja la msonobari linatosha kukitoboa kifuniko chake. Kisha tazameni chini: visiki, mawe, bomba la maji, duara la chuma la kuwashia moto. Kisha pembeni: meza, na nguzo fupi ya umeme. Karavani nyingi za Marekani zina tundu la umeme na bomba la maji machafu upande wa kushoto, na mlango upande wa kulia. Kama karavani yenu ina chumba kinachosukumwa kutoka ubavuni, pimeni kwa hatua za miguu kama kitatoka bila kugusa mti.

Sasa wekeni alama. Sisi tunaweka koni ndogo ya manjano mahali ambapo tairi la nyuma la kushoto la karavani linapaswa kusimama. Kushoto, kwa sababu huko ndiko dereva anakoona vizuri kwenye kioo chake. Tukiona ardhi imeinama, ubao wa kuinulia tairi tunauweka sasa hivi, kabla gari halijaingia.

Hatua ya 3: Kubalianeni maneno

Hapa ndipo ninapotaka mkae muda mrefu kuliko pengine pote.

Sisi tumeyaacha kabisa maneno kushoto na kulia. Tunataja vitu. Kwa kuwa tumeshatembea kiwanja pamoja, sote tunajua meza iko wapi na nguzo iko wapi. Kwa hiyo nasema "mkia mezani" au "mkia nguzoni", naye anajua mkia uelekee wapi. Usukani ni kazi yake, siuzungumzii. Nikianza kumwambia azungushe usukani vipi, kutakuwa na madereva wawili, na gari moja halibebi madereva wawili.

Maneno yetu yote ni haya: "njoo", maana yake rudi polepole, "mkia" pamoja na jina la kitu, "nyoosha", maana yake mkia umekaa sawa, sasa uufuate, "mbele", maana yake songa mbele tuanze upya, na "simama". Njia inapokuwa imebaki kidogo nahesabu futi: kumi, tano, tatu, mbili, simama.

"Simama" haina mjadala. Dereva anakanyaga breki kwanza, anauliza baadaye. Hata mtoto au jirani akilitamka, gari linasimama. Na mimi nikinyamaza, anasimama. Asiponiona kwenye kioo, anasimama. Kwetu nyumbani utingo hugonga bodi na dereva anaelewa, lakini kwenye karavani ndefu, injini ikinguruma na vioo vimefungwa, dereva hatasikia.

Ndiyo maana tulinunua redio mbili ndogo za mkononi. Zile za FRS, aina ya redio za masafa mafupi kwa matumizi ya kifamilia, hazihitaji leseni Marekani, na zinafanya kazi hata pale simu inapokosa mtandao, jambo la kawaida kwenye hifadhi na misitu. Redio imenipa kitu kingine: siongei kwa kupaza sauti. Mtu akipaza sauti kutoka mbali, hata neno jema hufika kama amri. Mikono nayo tunaitumia endapo betri itaisha: mikono miwili inavuta kuelekea kwangu, njoo, mkono mmoja umenyooka, mkia uende huko, mikono imepishana juu ya kichwa, simama.

Hatua ya 4: Pangeni pembe kabla ya kurudi

Mkiweza, zungukeni ili kiwanja kiwe upande wa dereva. Kikiwa upande wa pili, mkia ukikunja tu dereva hauoni tena, na kioo cha kulia kinamwonyesha ukuta wa karavani tu.

Dereva asogee taratibu akiwa karibu na upande wa kiwanja. Pikapu ikishaupita mlango wa kiwanja, akate kulia mpaka upande wa pili wa barabara, kisha arudishe kushoto kidogo na kusimama. Karavani itabaki imekaa mshazari, mkia wake umeshaanza kuelekea mlangoni. Pembe nzuri hapa ni nusu ya kazi. Ikiwa mbaya, songa mbele uipange tena. Usijaribu kuiokoa ukiwa unarudi.

Hatua ya 5: Ingieni

Watoto wakae mahali pamoja, mbali, na mtu mzima au mkubwa wao. Neema hukaa kwenye meza ya jirani au ng'ambo ya barabara, na hatuanzi mpaka nimemwona.

Mimi nasimama upande wa dereva, nyuma na kando ya karavani, mahali ninapouona uso wake kwenye kioo. Kamwe siingii katikati ya karavani na mti. Nikihitaji kuchungulia upande wa kulia, nasema "simama", natembea, natazama, narudi, ndipo "njoo".

Dereva aachie breki tu, mguu usiguse mafuta. Mkono wa chini ya usukani uende kidogo kisha usubiri, kwa sababu karavani huchelewa kuitika. Anayezidisha ndiye anayejikuta karavani imejikunja mpaka kona yake inakaribia kugusa bodi ya pikapu. Nikiona pembe inabana, nasema "mbele" bila kungoja. Mkia ukishaingia mlangoni, nasema "nyoosha", naye anarudisha usukani upande wa pili ili pikapu ifuate mstari wa karavani. Kusonga mbele mara tatu, nne, ni jambo la kawaida. Kule Itasca, ambako Mto Mississippi unaanzia, misonobari ni mikubwa na tuliwahi kusonga mbele mara saba. Tukaingia bila mkwaruzo.

Hatua ya 6: Kabla ya kufungua kiungo

Tairi likifika kwenye koni, "simama". Dereva avute handibreki na kubaki ndani. Tazama kwanza kama karavani imelala upande. Ikiwa imelala, panda juu ya ubao sasa, kwa sababu ukishaitenganisha na pikapu hutaweza. Kisha kabari kwenye matairi, pande zote mbili, mbele na nyuma ya tairi. Kabari zikikaa ndipo unashusha jeki ya mbele na kufungua kiungo. Umeme ni wa mwisho: swichi ya kwenye nguzo izimwe, chomeka waya, halafu iwashe.