Namna ya Kupima Kumbukumbu za Mzee Ambaye Hakwenda Shule

Mwongozo huu unawahusu matabibu na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya wanaoletewa mzee kwa maelezo kwamba "siku hizi anasahau sana".

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba unachopima ni kumbukumbu. Msalimie mzee, mketishe mahali tulivu, mwangalie masikio kama yamezibwa na nta, na umwombe avae miwani yake ikiwa anayo, kwa maana asiyesikia swali hujibu ovyo na familia ikaamini kuwa akili imepotea. Kisha uliza tatizo lilianza lini. Likiwa limeanza ndani ya saa au siku chache, na hali inabadilikabadilika kutwa, acha kipimo na utafute maambukizi, malaria, sukari iliyoshuka au upungufu wa maji mwilini. Huo ni ugonjwa wa dharura. Agiza pia dawa zote ziletwe, pamoja na zilizonunuliwa dukani bila cheti, kwa sababu klorofeniramini, amitriptilini na diazepamu huvuruga akili za wazee.

Hatua ya 2: Zungumza faraghani na anayeishi naye. Ukiuliza tu kama mzee anasahau, utajibiwa kwamba ni uzee. Uliza kazi: je, bado anahesabu chenji, anarudi mwenyewe kutoka msikitini au kanisani, anakumbuka chungu kilichoko jikoni?

Hatua ya 3: Chagua kipimo kinachomfaa. Kile mashuhuri cha daktari wa akili Folstein cha mwaka 1975, chenye alama 30, kinadai kusoma, kuandika na kuchora, hivyo kwa mzee huyu kinapima shule zaidi ya ubongo. Mimi hutumia kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa utafiti wa wilayani Hai, Kilimanjaro, ambacho badala ya kalamu hutumia njiti za kiberiti zinazopangwa kwa umbo fulani. Mzee hukariri maneno 10 na kuulizwa tena baadaye, hutaja wanyama kwa dakika moja, na huulizwa mambo ya kijijini kwake. Ndugu wasimnong'oneze majibu, hata kwa huruma. Alama 7 au pungufu kati ya 15 huashiria uwezekano mkubwa wa demensia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Hatua ya 4: Alama ndogo si utambuzi wa ugonjwa. Chunguza sonona, pima sukari, VVU na kaswende, na vitamini B12 inapowezekana, hasa kwa anayemeza metformini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi. Andika alama kwenye faili pamoja na tarehe, ili kipimo hichohicho kikirudiwa baada ya miezi 6 pawepo cha kulinganisha.