Somo: Mkimbiaji unavyoweza kuingiza bwawa kwenye ratiba yako ya wiki

Wakuu, habari za asubuhi.

Tangu niseme kwamba Jumanne na Alhamisi sionekani barabarani kwa sababu niko bwawani, wenzangu wa kundi letu la jogging wameniuliza mambo mengi, nikaona bora niandike mara moja kila mtu asome. Mimi si kocha. Ni mkimbiaji wa miaka 38 ambaye goti la kulia lilianza kulalamika, nikatafuta zoezi la kuupa moyo kazi bila kuyagonga magoti kwenye lami. Maji yana hiyo rehema: ukisimama yakakufika shingoni, miguu inabeba kama sehemu moja ya kumi tu ya uzito wako.

Nimekulia Kigamboni, Dar es Salaam, kando ya bahari, kwa hiyo nilijiona najua kuogelea. Siku ya kwanza nilijitosa kwa mbwembwe, nikapiga mikono kama navunja kuni, nikafika ukuta wa pili nimeng'ang'ania ukingo kama mtu aliyeokolewa. Mita 18! Na mwezi uliotangulia nilikuwa nimekimbia kilomita 21. Pembeni yangu mzee mmoja wa rika la baba yangu, kitambi mbele, alikuwa anakwenda na kurudi taratibu bila kusimama. Amenipita mara nne mimi bado nahema.

Kuogelea tulikojifunza utotoni pwani ni kwa kucheza na kutokuzama: kichwa juu, macho yanaangalia wenzako. Kwenda na kurudi bwawani kwa nusu saa ni ufundi tofauti kabisa. Miezi miwili ya mwanzo usijihesabu kama uko mazoezini, jihesabu uko darasani. Walioshindwa ninaowajua wote waliingia majini na ubishi wa barabarani.

Maneno mawili tukubaliane: "urefu" ni kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, "raundi" ni kwenda na kurudi.

Hatua ya 1: Toa kwanza, ndipo uweke

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuongeza kuogelea juu ya mbio siku nne na gym siku mbili. Wiki ya tatu nilikuwa nasinzia kwenye daladala asubuhi. Ondoa siku moja ya mbio, na iwe ile unayokimbia kwa mazoea tu. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Nusu saa mbili za maji zinaingia humo bila kulazimisha.

Ratiba yangu sasa: Jumatatu gym, Jumanne maji, Jumatano mbio fupi, Alhamisi maji, Ijumaa gym, Jumamosi mbio ndefu na kundi, Jumapili nalala. Jumatatu gym ni siku ya miguu, na maji ya Jumanne yanailegeza vizuri kuliko kukaa kitini. Ila usiweke kuogelea kesho ya siku ya mabega na mgongo. Nimejaribu, mikono ilikuwa kama ya kuazima.

Hatua ya 2: Lipime bwawa lako

Bwawa la mashindano lina mita 50 au 25. Kasarani pale Nairobi wana la 50. Mengi ya hotelini yana urefu wowote aliopenda mwenye kiwanja, na mengine yana umbo la figo. Langu la mwanzo lilikuwa na mita 18. Nililipima kwa hatua ukingoni. Kwa bwawa la hivyo, urefu 28 ndiyo mita 500 na chenji kidogo. Likiwa na umbo la ajabu, achana na mita, hesabu dakika. Uliza pia saa za watoto. Wikiendi mchana huwezi kuogelea mstari ulionyooka, utaishia kukwepa maboya ya bata.

Hatua ya 3: Vifaa

Miwani ya kuogelea inayokaa bila kuvuja ndiyo kitu pekee cha lazima. Ijaribu dukani bila kufunga mkanda: ibonyeze machoni, ikishika sekunde mbili tatu, inakufaa. Nguo iwe ya kubana. Kaptula ya mpira ina mifuko inayochota maji kama ndoo. Mengine yatafuata. Boya la kubana mapajani (msicheke, boya ni boya) linasaidia sana anayezama miguu, lakini si la siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Pumzi

Hapa tukae kidogo.

Ukikimbia, unahema unapotaka. Majini unahema mdomo ukiwa nje tu, na nafasi hiyo ni fupi mno. Mgeni anazuia pumzi uso ukiwa majini, kisha akigeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa pamoja. Hawezi. Baada ya kupiga mikono kumi kifua kimejaa hewa iliyotumika, anapata hofu, anainua kichwa, miguu inazama, mchezo umeisha. Wala si kwamba mapafu yake ni mabovu. Ni hewa chafu imekosa njia ya kutoka.

Dawa yake ni kutoa mapovu muda wote uso ukiwa majini, taratibu, puani na mdomoni, ili ukigeuka kazi iwe moja tu ya kuvuta. Fanya hivi kabla hujapiga hata mkono mmoja: simama maji ya kifuani, shika ukingo, vuta hewa, zamisha uso, toa mapovu mpaka yaishe, inuka uvute, zama tena. Mara ishirini bila kukimbilia. Siku ya kwanza nilifika ya saba nikaanza kukohoa. Nilifanya hivyo wiki mbili nzima kila nikiingia, na watoto wa darasa la pili walikuwa wananitazama kama mgonjwa.

Ukigeuka kuvuta hewa, usiinue kichwa. Zungusha mwili mzima kama unageuka kitandani, jicho moja libaki majini, mdomo utokee pembeni. Utakunywa kidogo mwanzoni.

Hatua ya 5: Mwili ulale

Mwili majini ni kama mizani ya sokoni: ukinyanyua kichwa, kiuno kinashuka, na hapo unavuta maji yote kwa tumbo. Tazama chini, siyo mbele. Utaujua ukuta umekaribia kwa mistari ya vigae.

Sisi wakimbiaji tuna ugonjwa wetu mwingine: vifundo vya miguu vigumu. Mguu usiokunjuka vizuri unasimama majini kama breki. Nyoosha vidole nyuma, piga miguu kutokea nyongani, midogomidogo, maji yachemke tu nyuma yako. Ukiona unapiga baiskeli, simama uanze upya.

Mtindo? Anza na ule wa mikono kupishana, kifudifudi. Wa chura ni mzuri kwa kupumzikia, ila kama goti lako ni bovu upande wa ndani uuendee kwa tahadhari, maana unalipinda. Chali ni mzuri kwa wanaokaa ofisini wamejikunja. Kipepeo tuwaachie akina Jason Dunford, Mkenya aliyeshika nafasi ya tano fainali ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Beijing, 2008.

Hatua ya 6: Wiki nane za mwanzo

Kila siku ya maji anza na dakika tano za pumzi na kujisukuma ukutani uteleze, mikono imenyooshwa mbele. Kisha, kwa bwawa la mita 25:

Wiki ya 1 na 2: urefu 8, na baada ya kila mmoja pumzika pumzi sita hadi kumi. Hiyo ni mita 200. Utaona ni kidogo. Ni kidogo, ndiyo.

Wiki ya 3 na 4: urefu 12, mapumziko yaleyale.

Wiki ya 5 na 6: raundi 8, hupumziki ukuta wa mbali.

Wiki ya 7 na 8: raundi mbili bila kusimama, mara tano. Mita 500.

Kasi usiiguse. Ukimaliza urefu na huwezi kutamka sentensi nzima baada ya pumzi sita, ulikwenda mbio, punguza. Na saa ya mkononi isikutishe: majini mapigo ya moyo huwa chini kidogo, kama mapigo kumi hivi kwa dakika, hata ukijituma kama barabarani. Mimi nilidhani saa imeingia maji.

Hatua ya 7: Adabu

Oga kwa sabuni kabla ya kuingia. Kama mko wengi kwenye mstari mmoja wa kuogelea, uliza mnauzunguka upande gani. Ukipumzika, kaa kona, uache katikati ya ukuta kwa anayegeuza. Na usiogelee peke yako bwawa lisilo na mwokoaji, hata ukiwa samaki.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nina miaka 44 na sijui kuogelea kabisa. Haya mafunzo ya kwenye simu yanatosha?*

Hayatoshi, kaka. Simu haitakushika ukizama. Tafuta mwalimu akufundishe ana kwa ana, maji yasizidi kifua, na umwambie mapema kama una hofu. Zoezi la mapovu unaweza kuanza nyumbani kwenye beseni. Nasema kweli, mke wangu alianzia kwenye beseni.

*Kwa nini nilipie bwawa wakati bahari ipo bure?*

Bahari ni tamu, naipenda kuliko bwawa, lakini ni ya aliyekwisha kujua. Kwanza jua maji: saa za kujaa na kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo ufukwe uliouogelea Jumatatu saa moja asubuhi, wiki ijayo saa ileile unaweza kuwa matope matupu. Kipindi cha bamvua (mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) maji yanakwenda na kurudi kwa nguvu kuliko maji mafu, hapo mkondo unakuchukua huku unajisifu una kasi. Ogelea sambamba na ufukwe, usielekee kilindini, na uwe na mwenzio. Vaa kofia ya rangi kali boti ikuone. Wavuvi waulize, wanajua mkondo wa pale kuliko mtu yeyote.

*Na sisi wa Mwanza? Ziwa lipo mlangoni.*

Ndugu yangu, Ziwa Victoria lina kichocho. Vimelea vinatoka kwa konokono wa kwenye maji yaliyotulia yenye majani karibu na ufukwe, vinapenya ngozi. Bwawa lenye klorini ni salama zaidi. Kama umeshaogelea ziwani, nenda ukapime, dawa yake ipo hospitali.

*Dada hapa. Nywele zangu nimezisuka, na ninavaa hijabu. Naanzia wapi?*

Dada, nywele nilimuuliza mke wangu. Anazilowesha kwanza kwa maji ya bomba, kwa sababu nywele zilizokwisha kushiba maji safi hazinywi sana ya klorini, anapaka mafuta kidogo, anavaa kofia ya silikoni. Rasta nene zinahitaji kofia kubwa, zipo. Akitoka anaosha palepale. Mavazi: burkini (vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa) inakubalika mabwawa mengi, ila piga simu uulize kabla, isiwe fulana ya pamba na dera, vikilowa vinakuvuta chini na hilo ni la hatari kweli. Uliza pia kama wana saa za wanawake peke yao.

*Mkuu, kitambi kitaondoka?*

Changu kimepungua, ila si kwa maji peke yake. Tahadhari: kuogelea kunaleta njaa ya ajabu. Mwezi wa kwanza nilikuwa natoka bwawani moja kwa moja hadi kwa mama ntilie, chapati tatu na maharage, nikaongezeka kilo mbili. Sasa naondoka nyumbani na ndizi na mayai.

*Bwawa la mtaani kwetu linanuka klorini mpaka macho yanawaka. Si ndiyo usafi huo?*

Hapana. Ile harufu kali inatokea klorini ikishakutana na jasho na mkojo. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki sana. Kipimo changu: simama ukingoni upande wa kina, kama huoni vizuri tundu la kutolea maji kule chini, rudisha miwani mfukoni uende zako. Mlinzi akikuambia maji yameletwa jana, msalimie, ondoka.

*Ramadhani unafanyaje?*

Mimi naacha bwawa mchana, kwa sababu bado nameza maji bila kutaka. Naingia usiku wiki chache, baada ya tarawehe, dakika 20 tu. Hukumu yake mwulize shehe wako, hapo si mahali pangu.

*Nikimwambia mke wangu nakwenda kupiga maji haniamini.*

Mwambie unakwenda kuogelea, mkuu. Au nenda naye.

*Mimi nasahau hesabu. Nikifika raundi ya sita sijui kama ni ya sita au ya tisa.*

Wote tunasahau. Mimi naweka vifuniko vya soda kumi ukingoni, kila raundi nasogeza kimoja upande wa pili. Alhamisi iliyopita mtoto mmoja alivipenda, akachukua vinne akaenda navyo kwa mama yake. Nilichoogelea siku ile anakijua Mungu, ila mikono iliuma mpaka Jumamosi.