Bushi ya mkono wa chini ikikwama katikati ya shimo

Mwongozo huu ni wa bushi za mpira zenye ganda la chuma nje na bomba la chuma katikati, kama zile za mkono wa chini (chuma kinachounganisha tairi la mbele na fremu ya gari) wa Toyota Noah au IST. Naandika kwa sababu kijana wa gereji ya jirani hapa Ngamiani, Tanga, alikuja na mkono wenye bushi mpya iliyoingia nusu, imelala upande, haiendi mbele wala hairudi. "Shikamoo fundi, presi yako ni tani ngapi?" Aliulizia nguvu ya mashine ya kusukumia bushi shimoni. Tani hazikuwa tatizo. Presi yake ya tani 20 ingetosha na kubaki.

Hatua ya 1: Toa mkono

Kufungua tairi, boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kwenye ncha ya mkono) na bolti za mkono unajua mwenyewe. Stendi iwe chini ya gari, usitegemee jeki peke yake.

Kabla hujaigusa bushi ya zamani, piga alama ya rangi kwenye mkono kuonyesha matundu ya mpira yameelekea wapi. Bushi nyingi zina nafasi wazi kwa makusudi, ziwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Ukiiweka imezunguka, gari litaendeshwa vibaya na utalaumu bushi ya dukani.

Hatua ya 2: Toa bushi ya zamani

Kwa hewa yetu ya chumvi, ganda huwa limeshikana na shimo kwa kutu. Wengi huchoma mpira kwa gesi. Mimi siafiki: moshi wake ni mbaya kwa kifua, na kama boljointi iko karibu, mpira wake wa kuzuia vumbi unaungua nao. Toboa mpira kwa drili, ng'oa bomba la kati, kisha pitisha msumeno wa chuma ndani ukate ganda kwa urefu. Simama pale msumeno unapokaribia kupenya, maana mkwaruzo ndani ya shimo utakutesa baadaye. Malizia kwa patasi ndogo, ganda lijikunje lenyewe.

Hatua ya 3: Safisha na pima

Brashi ya waya, halafu msasa laini. Unaondoa kutu tu, chuma kibaki. Pima shimo kwa venia (kipimo cha taya cha milimita) kwa njia mbili zinazokatana. Vipimo vikitofautiana sana, mkono umepinda. Bushi lazima iwe pana kidogo kuliko shimo. Ikiingia kwa kusukuma na kidole, umeuziwa isiyo yake au shimo limelika, na tafadhali usizungushie kipande cha kopo la soda. Kopo litachakaa, bushi itaanza kugonga, mteja atarudi.

Hatua ya 4: Kulainisha na kupresi

Hapa ndipo watu wanapopoteza mchana mzima.

Tuanze na mafuta. Ganda la chuma linaloingia kwenye shimo la chuma linahitaji utando mwembamba wa oili safi. Pangusa kwa kitambaa, isichuruzike. Oili chafu ya injini ina chembe za chuma zinazokwaruza. Grisi nyingi nayo haisaidii: inasukumwa mbele, inajikusanya, na ikigusa mpira wa asili inauvimbisha na kuulegeza. Kwa bushi za mpira mtupu zisizo na ganda, tumia maji ya sabuni, ambayo yakikauka mpira unashika.

Kuna wanaoweka bushi kwenye friza. Si vibaya, ila usitarajie muujiza. Chuma cha kipenyo cha milimita 40 ukikishusha nyuzi 50 kinapungua milimita 0.02 hivi tu. Na kwa unyevu wa Tanga, ukikitoa tu kinatokwa jasho, basi kifute kabla ya kukiingiza.

Sasa ikikwama. Usiongeze nguvu, na usimimine oili zaidi. Angalia kwanza kama imenyooka. Bushi iliyolala kidogo inachimba ukuta wa shimo upande mmoja, na kila pampu ya presi inaizamisha zaidi kwenye kovu lake. Irudishe nje kwa kuisukuma kutoka upande wa pili, ulainishe kovu kwa tupa ya duara na msasa, uondoe ukali wa mdomo wa shimo, kisha uanze upya. Milimita chache za mwanzo ingiza polepole, ukiangalia kwa pande mbili. Ikianza kulala, legeza, izungushe kidogo, rudia; ila yenye matundu usiihamishe kwenye alama yako.

Halafu angalia unasukuma wapi. Kisukumio kiguse ganda la nje peke yake. Ukisukuma bomba la kati, mpira unachanika kutoka kwenye chuma, na bushi inakufa kabla haijaonja barabara. Ringi ya beringi ya zamani yenye kipenyo kinacholingana ni kisukumio kizuri kuliko soketi, kwa sababu imenyooka kabisa. Chini weka bomba pana kuliko bushi, lishike mdomo wa shimo. Mkono wa bati lililokunjwa una masikio mawili yenye uwazi katikati. Usipoweka kipande cha chuma hapo, masikio yanakunjana na bushi inabanwa. Mkono wa yule kijana ulikuwa na ugonjwa huu huu.

Vaa miwani, na usisimame mbele ya presi. Kisukumio kinaweza kuruka kama risasi.

Hatua ya 5: Rudisha

Funga bolti zote kwa mkono, shusha gari kwenye tairi, litikise mara chache, ndipo ukaze kabisa kwa kipimo cha mtengenezaji. Ukikaza mguu ukining'inia, mpira utabaki umejipinda gari likishuka na utachanika mapema. Halafu wili alaimenti (kunyoosha tairi kwa mashine), kabla mteja hajaliondoa gari kwenda Pangani.